RAM ipo, anwani zimekwisha: kisa cha seva ya ushirika wa kahawa iliyoanguka kila alasiri

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chenye ofisi Mbeya mjini na vituo 36 vya kupokelea kahawa vilivyotawanyika wilaya za jirani. Nimeondoa jina la chama, majina ya watu na chochote kinachoweza kuwatambulisha. Namba za mashine nimeziacha karibu na zilivyokuwa, kwa kuwa bila hizo kisa hakieleweki.

Seva yao ilikuwa kompyuta ya mezani iliyowekwa chumba cha nyuma, juu ya kreti tupu la soda ili maji ya kudeki yasiifikie. Prosesa yake ni ya biti 64, lakini Linux iliyokuwa ndani ni ya biti 32, maana diski ya kusakinishia iliyopatikana siku ile miaka mingi nyuma ilikuwa ya biti 32. Hakuna aliyeona haja ya kubadilisha kitu kinachofanya kazi. Ilikuwa na RAM ya GB 2 na kanzidata ya PostgreSQL. Kituoni, karani wa mizani anapima gunia, anaingiza kilo kwenye kishikwambi, na mkulima anaondoka na stakabadhi yake. Stakabadhi hiyo ndiyo inayomlipa baadaye, kwa hiyo seva ikikata, foleni ya watu waliotoka mbali inasimama pale pale kwenye mizani.

Kabla ya msimu, fundi wa chama, kijana makini, alifanya maandalizi matatu. Aliongeza RAM kutoka GB 2 hadi 8. Alibadilisha kerneli, yaani kiini cha Linux, akaweka yenye PAE (mbinu ya kufikia RAM zaidi kwenye biti 32), kwa kuwa kerneli ya biti 32 isiyo na PAE haiwezi kufikia kumbukumbu iliyo juu ya GB 4. Kisha akapandisha kumbukumbu ya pamoja ya PostgreSQL, ile inayoitwa shared_buffers, kutoka MB 128 hadi GB 1. Mwongozo wa PostgreSQL unapendekeza robo ya RAM. Yeye kwa tahadhari akatoa nusu ya robo hiyo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kilichotokea

Wiki ya kwanza ya Juni vituo vilivyofunguliwa vilikuwa vichache na mambo yalikwenda vizuri. Vituo vilipofunguka vyote, seva ikaanza kuanguka. Haikuzimika: kanzidata ilikata miunganisho yote kwa pamoja, ikakaa dakika moja au mbili, ikarudi, na kuanzia hapo ikafanya kazi bila tatizo mpaka kesho yake. Karibu kila siku ilikuwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Makarani wakapiga simu kusema mtandao umekata. Wengine wakatoa madaftari na kuandika kwa mkono, na jioni mhasibu akabaki kulinganisha daftari na kanzidata mstari kwa mstari.

Fundi alidhani RAM mpya, iliyonunuliwa Mwanjelwa, ni mbovu. Akaipima usiku kucha akiwa amejifunika koti katika baridi ya Juni, na haikutoa kosa hata moja. Akaongeza eneo la swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM, hadi GB 8, bila mabadiliko yoyote. Akaandika skripti ya kuiwasha upya kanzidata kila saa kumi na mbili asubuhi. Haikusaidia, na sababu yake itaonekana mbele.

Nilipofika, mhasibu, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniuliza: "Fundi, hiki chombo tumekiongezea nguvu, mbona ndiyo kwanza kimechoka?" Kwa kweli swali lake lilikuwa sahihi kuliko yote tuliyojiuliza siku mbili zilizofuata. Tatizo lilianza baada ya kuongeza.

Tulichokiona

Kwenye logi ya kerneli kulikuwa na mstari huu kila alasiri: postgres invoked oom-killer. Maana yake kerneli ilihitaji kumbukumbu, ikakosa, ikachagua mchakato wa kuua ili ipate nafasi. Lakini amri ya free ilionyesha zaidi ya GB 4 zikiwa tupu kabisa. Hapa nami nilipoteza siku nzima. Niliangalia jumla ya kumbukumbu, nikasema haiwezekani, nikaanza kutafuta kosa kwenye mipangilio ya PostgreSQL.

Siku ya pili tulikaa mbele ya skrini kuanzia saa saba mchana tukisoma /proc/meminfo, faili ambamo kerneli huripoti matumizi ya kumbukumbu, kila dakika tano. Saa nane na nusu ilisomeka hivi, nikichukua mistari inayohusika tu:

HighFree: 4318204 kB
LowTotal: 838912 kB
LowFree: 11640 kB
Slab: 441376 kB
PageTables: 209812 kB

Kijana aliwekea kidole mstari wa mwisho akasema, "Kaka, huu asubuhi ulikuwa haufiki elfu ishirini." Tangu hapo hatukuangalia kitu kingine.

Anwani pepe, na gigabaiti moja ya kerneli

Ili mistari hiyo ieleweke, turudi nyuma kidogo. Programu haigusi RAM moja kwa moja. Kila mchakato unapewa safu yake ya anwani pepe na unaiona kana kwamba mashine nzima ni yake. Prosesa ndiyo inayotafsiri kila anwani pepe kuwa anwani halisi ya RAM, kwa kufuata majedwali ya kurasa yaliyoandaliwa na kerneli. Ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Katika mfumo wa PAE anwani ya biti 32 inagawanywa hivi: biti 2 za juu huchagua kiingilio cha jedwali la kwanza, biti 9 cha la pili, biti 9 zinazofuata cha la tatu, na biti 12 za mwisho husema ni baiti ipi ndani ya ukurasa. Kila kiingilio cha jedwali kina baiti 8. Bila PAE kilikuwa na baiti 4.

Linalosahaulika ni kwamba PAE, iliyoingia na prosesa ya Pentium Pro mwaka 1995, ilirefusha anwani halisi hadi biti 36, yaani RAM ya hadi GB 64. Anwani pepe haikuzigusa. Zilibaki biti 32, na biti 32 ni anwani 4,294,967,296 tu, sawa na GB 4, hata ukipanga RAM mpaka darini.

Hizo GB 4 Linux ya biti 32 kwa kawaida inazigawa sehemu mbili: GB 3 za chini kwa programu, GB 1 ya juu, kuanzia 0xC0000000, kwa kerneli. Ndani ya GB hiyo moja, MB 896 zimefungwa moja kwa moja kwenye MB 896 za mwanzo za RAM: chukua anwani halisi, jumlisha 0xC0000000, umepata anwani pepe. Baiti iliyo kwenye anwani halisi 0x01000000 kerneli inaiona 0xC1000000. Hesabu ya kujumlisha tu, na ndiyo maana ni ya haraka. MB 128 zinazobaki ni za kazi nyingine, ikiwemo kufungua kwa muda dirisha la kuchungulia RAM iliyo juu ya MB 896.

Kwa hiyo RAM inakuwa ya namna mbili. Ya chini, ambayo kerneli inaiona muda wote, na ya juu, ambayo kerneli haina anwani zake za kudumu. Data za programu zinaweza kukaa juu. Vitu vya kerneli yenyewe karibu vyote lazima vikae chini: stack (rundo la kazi) za michakato, rekodi za majina ya mafaili, na katika kerneli hii, majedwali ya kurasa. Zipo kerneli za biti 32 zilizojengwa kwa chaguo la kuweka majedwali ya ngazi ya mwisho juu. Ya kwao haikuwa hivyo.

Sasa tazama walaji wa ile LowTotal ya takriban MB 819.

Mlaji wa kwanza alishakula kabla hata LowTotal haijahesabiwa. Kerneli inaweka rekodi ndogo ya baiti 32 kwa kila ukurasa wa RAM uliopo. GB 2 ni kurasa 524,288, sawa na MB 16. GB 8 ni kurasa 2,097,152, sawa na MB 64. Yaani kuongeza RAM kuliipunguzia kerneli MB 48 za mahali pekee inapoweza kukaa. Jibu la mama mhasibu lilianzia hapo.

Wa pili ni nakala rudufu ya usiku. Kila saa nane usiku skripti ilipitia picha zote za stakabadhi, faili moja moja, na kwa kila faili kerneli huweka rekodi ya baiti mia kadhaa ikitarajia litaulizwa tena. Hizo ndizo zile MB 431 za Slab. Sehemu kubwa ya hizi kerneli inaweza kuzirudisha ikibanwa, lakini si zote na si kwa papo hapo. Isitoshe, enzi za GB 2 kurasa za mafaili zilikuwa zinasukumwa nje kila mara kwa ufinyu, na rekodi zao zikiondoka nazo. GB 8 zilipokuja, mafaili yakakaa kwa raha juu, na rekodi zake zikang'ang'ania chini.

Wa tatu ndiye aliyeangusha mti. PostgreSQL inaanzisha mchakato mmoja kwa kila muunganisho, na kila mchakato una majedwali yake mwenyewe, hata kama yote yanaelekeza kwenye ile GB 1 moja ya pamoja. Kwa kurasa za kawaida Linux haishirikishi majedwali hayo kati ya michakato. GB 1 ni kurasa 262,144. Zidisha kwa baiti 8, ni MB 2 kwa kila muunganisho. Programu ya vishikwambi ilifungua miunganisho mitatu kwa kila kituo, mmoja kwa mizani, mmoja kwa orodha ya wakulima, mmoja kwa picha, na haikuufunga wowote hadi jioni. Vituo 36 mara 3 ni miunganisho 108. Mara MB 2, ni MB 216. Kumbukumbu ya pamoja ilikuwa ni ileile GB 1, lakini ramani zake zilikuwa 108. Kabla ya msimu, kwa MB 128 na viingilio vya baiti 4, kila muunganisho ulitumia KB 128 tu. Imeongezeka mara 16.

Na kwa nini alasiri? Kwa sababu majedwali hayajengwi siku muunganisho unapofunguliwa. Yanajengwa mchakato unapogusa ukurasa kwa mara ya kwanza. Jedwali moja la ngazi ya mwisho lenyewe ni ukurasa mzima wa KB 4 na linahudumia MB 2, hivyo kugusa ukurasa mmoja tu ndani ya MB 2 kunatosha kuligharimia lote. Asubuhi muunganisho umegusa sehemu chache. Kila gunia linalopimwa linagusa kurasa nyingine, huku na huko. Inapofika saa tisa, karibu kila kituo kimeshatembea GB 1 yote. Ndiyo maana kuwasha upya saa kumi na mbili asubuhi hakukusaidia: saa hizo vishikwambi hata havijawashwa.

Swapu nayo haikuhusika hata chembe. Majedwali ya kurasa hayapelekwi kwenye swapu.

Kilichobaki ni kueleza kwa nini mashine ilionekana nzima baada ya kuanguka. Kerneli inapoua mchakato mmoja wa PostgreSQL kwa nguvu, mchakato mkuu hauwezi kuamini tena kumbukumbu ya pamoja, hivyo unakata miunganisho yote na kuanza upya. Michakato 108 ikifa, majedwali yake yote yanafutika. Ukikimbilia kusoma meminfo baada ya simu ya karani, unakuta PageTables imeshuka na LowFree imepanda. Ushahidi umeondoka na marehemu. Fundi alikuwa akisoma namba hizi kila siku, na kila siku dakika tano baada ya tukio.

Maamuzi na sababu zake

Siku ileile, saa kumi na moja jioni vituo vilipofunga, tulirudisha shared_buffers hadi MB 128. Kwa PAE hiyo ni KB 256 kwa muunganisho, jumla MB 27 kwa yote 108. Hili lilikuwa la kuzima moto, tukijua kanzidata itasoma diski zaidi. Pia tulipandisha vm.vfs_cache_pressure ili kerneli iachie rekodi za mafaili mapema.

Kwa suluhisho la kudumu tulikuwa na njia kadhaa mezani. Kujenga kerneli yenye mgawanyo wa GB 2 kwa 2 tuliikataa. Ni kusogeza uzio ndani ya shamba lilelile, na kila sasisho la usalama lingetulazimu kuijenga upya. Kurasa kubwa za MB 2, ambazo PostgreSQL inazikubali tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, zingepunguza majedwali kuliko yote, maana GB 1 inakuwa viingilio 512 badala ya 262,144. Tulizipenda, ila zisingemgusa mlaji wa pili. Kuweka PgBouncer, programu ya kati inayogawana miunganisho, ili miunganisho 108 ipite kwenye michache ilihitaji kupima programu ya vishikwambi, na hakuna anayepima programu katikati ya msimu huku wakulima wamepanga foleni.

Tulichagua kubadilisha kerneli peke yake. Usambazaji wao wa Linux unaruhusu kerneli ya biti 64 kukaa chini ya programu za biti 32 bila kusakinisha chochote upya: PostgreSQL, data na mipangilio vinabaki vilivyo. Kwenye biti 64 za x86 anwani pepe zina biti 48 katika ngazi nne, jumla TB 256, na kerneli peke yake ina nafasi ya kufunga moja kwa moja TB 64 za RAM. RAM ya juu na ya chini, mgawanyo huo unakufa. Na uzuri mmoja zaidi: ikitokea mabadiliko hayaendi, kerneli ya zamani bado ipo kwenye menyu ya kuwashia.

Tulifanya Jumamosi usiku. Iliwaka mara ya kwanza.

Matokeo

Jumapili mchana tukagundua kuwa mizani ya ofisini haisomeki. Ilikuwa imeunganishwa kupitia kadi ya milango mingi ya siriali, na draiva ya kadi hiyo ilikuja ikiwa imeshajengwa kwa kerneli ya biti 32 pekee, bila msimbo wake. Programu ya biti 32 inaweza kukaa juu ya kerneli ya biti 64. Draiva haiwezi, kwa kuwa ni sehemu ya kerneli yenyewe. Hatukuiorodhesha kabla ya kubadilisha. Jumatatu saa mbili asubuhi kijana alirudi kutoka Mwanjelwa na kebo ya kugeuza USB kuwa siriali, ikasomeka, lakini wakulima wa kwanza wa siku hiyo walisubiri zaidi ya saa nzima. Hao walistahili kuombwa radhi, na mhasibu alitoka nje akawaomba.

Baada ya wiki mbili za utulivu tuliirudisha shared_buffers kwenye GB 1. Mstari wa oom-killer haukutokea tena hadi msimu ulipofungwa.

Uchambuzi

Lililofanya kazi zaidi ya yote ni kukaa mbele ya mashine kabla ya tukio. Namba moja iliyosomwa saa nane na nusu ilikuwa na thamani kuliko logi za wiki mbili zilizosomwa baada ya kuanguka. Kwa ugonjwa wowote unaojitibu wenyewe kwa kuangusha mfumo, kipimo kinachochukuliwa baadaye kinapima mgonjwa aliyekwishapona.

Kuhusu kosa la mwanzo, sikubali kwamba ni la fundi kuongeza RAM. Kila hatua kati ya zile tatu ilikuwa na mantiki yake. RAM zaidi ni jambo jema, PAE ilihitajika ili RAM ionekane, na kumbukumbu ya pamoja kubwa ndiyo ushauri wa mwongozo. Zote tatu kwa pamoja ziliongeza mzigo kwenye sehemu moja ambayo haikuongezeka hata baiti: dirisha la MB 896. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza ramani ya kumbukumbu yenyewe inakaa wapi, na sisi mafundi tumezoea kuiona ramani kama kitu kisicho na uzito. Ina uzito. Kwao ilifika robo ya kila kilichokuwa chini.

Kubadilisha kerneli hakukupunguza majedwali, na hili nalisisitiza kwa sababu kijana mwenyewe alidhani yamekwisha. Viingilio vya biti 64 vina baiti 8 vilevile kama vya PAE. Saa tisa alasiri PageTables ilisoma zaidi ya MB 200 kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa zilikatwa kutoka GB 8 badala ya MB 819. Vituo vikiongezeka hadi mia moja, gharama hiyo itaongezeka navyo, na siku hiyo kurasa kubwa na PgBouncer havitaepukika.

Kosa letu la kadi ya siriali lilitokana na kufikiri kwamba kwa kuwa hatugusi programu hakuna kitakachovunjika. Amri ya lsmod, inayoorodhesha draiva zilizopakiwa, ingetuonyesha draiva hiyo kwa sekunde moja Jumamosi mchana.

Tangu Julai kijana anaandika PageTables kwenye daftari la ofisi mara tatu kwa siku, pembeni ya jumla ya kilo zilizopokelewa. Siku ya mwisho ya msimu, saa tisa alasiri, mstari wake ulisomeka 221480 kB, na miunganisho yote 108 ilikuwa hai.